Likasi: Kuandika “ugonjwa wa mafigo” peke yake kwenye fakture haitoshi

Mjini Likasi, kama vile katika miji mingi ya Haut-Katanga, fakture ya hospitali ni kartasi ambayo familia inaangalia upande mmoja tu: kule chini, penye jumla ya pesa. Mstari wa juu, ule unaotaja ugonjwa, kwa kawaida hausomwi na mtu. Mgonjwa anadhani ni mambo ya daktari, daktari anadhani ni mambo ya ofisi ya malipo, na karani wa malipo anaandika kile alichokuta kwenye fishi.

Kwa mtu mwenye malaria, jambo hilo halina hatari kubwa. Anapewa dawa, anapona, kartasi inawekwa. Lakini kwa mtu ambaye mafigo yake yanachoka polepole, mwaka baada ya mwaka, mstari huo wa juu ndio unaoweza kuamua kama mituele au kazi yake itamlipia, kama atapewa dawa inayomfaa, na kama kuna mtu atakayejua kwamba yupo. Pale ambapo mstari huo unabeba herufi tatu peke yake, IRC, au maneno “ugonjwa wa mafigo” bila kitu kingine, mgonjwa ameandikwa nusu. Na aliyeandikwa nusu analipiwa nusu.

Msimbo una kazi gani?

Shirika la Afya Duniani, OMS, lina orodha ya magonjwa inayotumiwa na nchi zote. Kila ugonjwa unapewa msimbo, yaani alama fupi ya herufi na namba, ili daktari wa Likasi, wa Nairobi na wa Brussels waelewane bila kutafsiri. Orodha ya kumi ilipitishwa mwaka wa 1990, na ya kumi na moja ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, ingawa nchi nyingi bado zinafanya kazi na ile ya kumi.

Katika orodha ya kumi, ugonjwa wa mafigo wa muda mrefu unaitwa N18. Lakini N18 ni kama jina la ukoo tu. Nyuma yake kuna nukta na namba inayosema hatua ya ugonjwa: N18.1 ni hatua ya kwanza, N18.2 ya pili, N18.3 ya tatu, N18.4 ya nne, N18.5 ya tano. Iko pia N18.9, maana yake: ugonjwa wa muda mrefu upo, lakini hatua haikutajwa. Na iko N19, ambayo haisemi hata kama ugonjwa ni wa muda mrefu ao ni wa ghafla. Mwenye kuandika N19 amesema tu kwamba mafigo hayafanyi kazi vizuri. Jambo hilo hata mgonjwa mwenyewe amekwisha kulijua.

Hatua hizo hazikubuniwa na watu wa ofisi. Zinapimwa kwa uwezo wa mafigo kuchuja damu, kwa mililita kwa dakika. Kuanzia 90 na zaidi, na kama kuna dalili nyingine ya madhara, kwa mfano protini katika mkojo, ni hatua ya kwanza. Kati ya 60 na 89 ni ya pili. Kati ya 30 na 59 ni ya tatu, nayo inagawanywa mara mbili, juu ya 45 na chini yake. Kati ya 15 na 29 ni ya nne. Chini ya 15 ni ya tano, pale ambapo mtu anahitaji dializi ao kupandikizwa figo ili aendelee kuishi.

Watu watatu, kipimo kimoja

Kuna wanaosema: “Kreatinini iko kwenye kartasi ya labo, inatosha.” Haitoshi, na hesabu rahisi inaonyesha sababu.

Mfano: watu watatu wanapimwa damu siku moja, na wote watatu wanapata kreatinini ya miligramu 1,8. Wa kwanza ni kijana mwanaume wa miaka 25, anayechimba. Wa pili ni mama wa miaka 52, anayeuza soko la Kikula. Wa tatu ni bibi wa miaka 75, mjane wa mfanyakazi wa zamani wa Gécamines. Kwa hesabu inayotumiwa leo na waganga wa mafigo, ile ya mwaka wa 2021, kijana ana uwezo wa kuchuja wa karibu 53. Mama ana karibu 33. Bibi ana karibu 29.

Kartasi ya labo inaonyesha namba moja kwa wote watatu. Ukweli ni tofauti. Kijana na mama wote wako katika hatua ya tatu, lakini mama yuko sehemu ya chini, karibu kuanguka katika ya nne. Bibi amekwisha kuingia hatua ya nne. Ikiwa vipimo vya baadaye vitahakikisha hali hiyo, fakture ya kijana na ya mama zinapaswa kubeba N18.3, na ya bibi N18.4. Kuandika IRC kwa wote watatu ni kuwavalisha viatu vya saizi moja.

Tofauti hiyo inagusa hata dawa. Metformini, dawa inayojulikana sana kwa wenye ugonjwa wa sukari, haipaswi kuendelea pale uwezo wa mafigo unaposhuka chini ya 30. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, vinavyouzwa kila mahali barabarani, vinaharakisha kuharibika kwa mafigo yaliyokwisha kuchoka. Muuguzi wa zamu ya usiku anayekuta N18.4 kwenye fishi anajua mara moja cha kuogopa. Anayekuta IRC peke yake analazimika kukisia.

Sababu nayo iandikwe

Hatua ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni sababu. Mafigo mengi yanaharibiwa na tansio ya juu ao na ugonjwa wa sukari. Orodha ya OMS ina misimbo kwa hayo: I12 kwa ugonjwa wa mafigo unaoletwa na tansio, na E11.2 kwa sukari ya aina ya pili iliyokwisha kugusa mafigo. Fakture iliyoandikwa vizuri inaweka pamoja sababu na hatua. Hapo mlipaji anaelewa kwa nini mgonjwa mmoja anaomba dawa ya tansio, kipimo cha sukari na kipimo cha mkojo kwa mwezi mmoja. Bila hiyo, anaona vitu vitatu visivyohusiana, na mkono wake unakwenda kwenye kalamu nyekundu.

Kwa Likasi kuna sababu ya tatu ya kuandika kwa uangalifu. Mji huu, uliokuwa unaitwa Jadotville, umeishi kwa shaba na kobalti kwa zaidi ya miaka mia. Viwanda vya Shituru na mabonde yaliyouzunguka mji vimelisha familia nyingi, na vumbi lake limeingia ndani ya nyumba hizo hizo. Mwaka wa 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya vipimo vya mkojo vya wakaaji wa Katanga: wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na metali nyingi mwilini, kobalti kwanza, lakini pia risasi na kadmiamu. Sayansi inajua tangu zamani kwamba kadmiamu na risasi zinaweza kuharibu mafigo.

Hiyo haimaanishi kwamba kila figo linaloumwa Likasi limeharibiwa na mgodi. Mtu asiye na ushahidi asiseme hivyo. Lakini swali ni la haki, na haliwezi kujibiwa siku moja kama hospitali hazikuandika ni nani anaugua, yuko hatua gani, na tansio ao sukari vilikuwapo ao havikuwapo. Fakture elfu moja zilizoandikwa vizuri ni mwanzo wa uchunguzi. Fakture elfu moja zenye IRC ni rundo la kartasi.

Nani anapoteza?

Wa kwanza ni mgonjwa. Sheria ya kazi ya mwaka wa 2002 inamlazimisha mwajiri kugharamia matunzo ya mfanyakazi na familia yake. Mituele za afya nazo zina sheria yake, namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017, na walimu wa shule za serkali wana mituele yao, MESP, inayolishwa na pesa zinazokatwa kwenye mshahara. Kila mlipaji wa namna hiyo anauliza jambo moja: je, matunzo haya yanalingana na ugonjwa huu? Msimbo usiosema kitu unampa sababu ya kukataa ao kuchelewesha. Na kuchelewa, kwa mtu wa hatua ya tano, si jambo la ofisi. Dializi hufanywa kwa kawaida mara tatu kwa juma, ni kusema zaidi ya mara 150 kwa mwaka. Mtu wa Likasi anayeitafuta Lubumbashi ana safari ya kilometa karibu 120 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. Juma moja la kungojea fakture irudishwe na kusahihishwa linaweza kuwa juma la mwisho.

Wa pili ni mlipaji mwenyewe, hata kama hajui. Mituele yenye wagonjwa ishirini wa IRC haiwezi kupanga bajeti. Kama wote wako hatua ya tatu, inahitaji pesa za vidonge na vipimo. Kama watano wako hatua ya tano, inahitaji pesa za dializi, na pesa hizo zinaweza kumeza michango ya wanachama wengi. Mituele isiyojua tofauti hiyo inafungua mlango kwa furaha na kuufunga kwa deni.

Wa tatu ni nchi. Mwaka wa 2009 utafiti uliofanywa Kinshasa juu ya watu wapatao 500 ulionyesha kwamba karibu 12 kwa mia walikuwa na ugonjwa wa mafigo wa muda mrefu, wengi wao katika hatua ya tatu, na karibu wote bila kujua. Hatua ya tatu ndiyo ile ambayo mtu bado anaweza kusaidiwa kwa vidonge vya bei nafuu, chumvi kidogo na tansio iliyotulizwa. Mji kama Likasi unaweza kupata namba yake kwa njia moja ya bei rahisi kuliko zote: kuandika vizuri kile ambacho waganga wanakiona kila siku.

Serkali imeanza mpango wa afya kwa wote, na matunzo ya bure kwa akina mama wanaozaa yalizinduliwa Kinshasa mwezi wa Septemba 2023. Siku ambapo zamu ya magonjwa ya muda mrefu itafika, meza itapangwa kulingana na namba. Nchini Kenya, bima ya serkali ya zamani, NHIF, ilikuwa ikilipia dializi mara mbili kwa juma kwa bei iliyojulikana, shilingi 9.500 kwa kila mara. Bei ya namna hiyo haiwezi kuwekwa bila kujua ni wangapi wataihitaji. Mwezi wa Mei 2025, nchi wanachama wa OMS zilipitisha kwa mara ya kwanza azimio juu ya afya ya mafigo. Azimio hilo litabaki Geneva kama kule chini, kwenye fishi, hakuna anayeandika hatua.

Haraka nayo ni kosa

Kuna upande wa pili, na ni lazima usemwe. Kuandika msimbo maalum si kuandika msimbo mkubwa. Ugonjwa wa mafigo unaitwa wa muda mrefu pale tu dalili zinapodumu zaidi ya miezi mitatu. Malaria kali, kuhara kunakokausha maji mwilini, dawa za miti shamba za nguvu, ao vidonge vya maumivu vilivyomezwa bila kipimo, vyote vinaweza kuangusha mafigo kwa siku chache. Huo ni ugonjwa wa ghafla, msimbo wake ni N17, na mara nyingi mafigo yanarudi kufanya kazi kama mgonjwa ametunzwa upesi.

Mtu aliyepimwa mara moja, akiwa na homa, kisha akaandikiwa N18.5, amefanyiwa jeuri. Familia itasikia “mafigo yamekwisha,” itauza kiwanja, ao itamrudisha nyumbani kungojea kifo, wakati angeweza kupona kwa majuma mawili. Kabla ya kuandika N18, kuwe na vipimo viwili vyenye tarehe, vinavyoachana kwa zaidi ya miezi mitatu, ao ushahidi mwingine wa wazi kwamba ugonjwa ni wa zamani.

Kuna pia kishawishi cha pesa. Pale ambapo mlipaji anatoa zaidi kwa hatua ya juu, kuna ofisi itakayotamani kupandisha hatua kwenye kartasi. Huo ni wizi, na anayeibiwa si kampuni peke yake: ni mgonjwa wa kweli wa hatua ya tano atakayekuta kasha tupu. Dawa ya wizi huo ni ile ile: namba ya kreatinini na tarehe yake ziandikwe kando ya msimbo, ili mtu yeyote aweze kufanya hesabu upya.

“Hakuna wakati, hakuna vifaa”

Pingamizi lingine ni la wauguzi na waganga wenyewe, na lina uzito. Zamu ni ndefu, wagonjwa wanapanga mstari tangu asubuhi, mishahara inachelewa. Nani ataongeza kazi ya kuandika misimbo?

Jibu ni kwamba kazi hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Hesabu ya uwezo wa mafigo inafanywa bure na simu, kwa kuingiza kreatinini, umri na kama mtu ni mwanaume ao mwanamke. Labo inaweza kuifanya yenyewe na kuandika matokeo kwenye kartasi pamoja na kreatinini, kama zinavyofanya labo nyingi duniani. Misimbo inayohitajika kwa mafigo haifiki kumi na tano. Inaenea kwenye kartasi moja inayobandikwa ukutani, mbele ya meza ya karani. Na pale ambapo hatua haijulikani kweli, kwa sababu kipimo hakikufanyika ao miezi mitatu haijaisha, N18.9 ao maneno “inachunguzwa” ni jibu la uaminifu. Msimbo huo haujakatazwa. Kinachopaswa kukatazwa ni kuutumia kwa mgonjwa yule yule mwaka mzima, wakati jibu liko ndani ya fishi yake.

Wengine wanaogopa kwamba mwajiri akiona N18.4 kwenye fakture atamfukuza mfanyakazi. Woga huo una sababu. Watu wa Likasi hawajasahau miaka ya 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kwa hiyo, fakture yenye msimbo ipitie kwa daktari wa kampuni ao daktari mshauri wa mituele, ndani ya bahasha iliyofungwa, si juu ya meza ya mkubwa wa wafanyakazi. Siri ya mgonjwa inalindwa kwa kufunga bahasha. Hailindwi kwa kuandika uongo ndani yake.

Nini kifanyike

Hakuna haja ya kungojea mradi wa mamilioni ya dola. Hospitali za Likasi, za serkali, za makampuni na za makanisa, zinaweza kukubaliana juu ya mambo manne. La kwanza: kila fakture ya mgonjwa wa mafigo ibebe hatua, kreatinini na tarehe. La pili: sababu inayojulikana, tansio ao sukari, iandikwe pamoja na hatua. La tatu: daktari ndiye anayeamua hatua, na karani anaiandika, karani asiachwe kukisia. La nne: kila miezi mitatu hatua iangaliwe upya, kwa sababu mgonjwa wa mwaka jana si yule wa mwaka huu.

Wakubwa wa kanda za afya wanaweza kudai hayo katika ripoti. Mituele na makampuni yanaweza kusema wazi: fakture yenye habari hizo italipwa ndani ya siku zilizowekwa. Ahadi hiyo ingebadilisha uandishi upesi kuliko semina kumi.

Na mgonjwa naye ana sehemu yake. Yule mama wa soko la Kikula anaweza kuuliza swali moja kabla ya kutoka hospitalini: “Munganga, mafigo yangu yako hatua ya ngapi, na umeiandika wapi?” Hahitaji kujua N wala nukta. Anahitaji kuona namba kwenye buku lake, na kuiona tena baada ya miezi mitatu. Ikiwa imebaki pale pale, dawa inafanya kazi. Ikiwa imepanda, bado kuna wakati wa kutafuta njia, kuongea na mituele, na kupanga safari ya Lubumbashi kabla haijawa safari ya usiku ndani ya teksi ya kukodi.